Barua ya wazi kwa wakubwa wa vituo vya TV: staa mleteni, ila mpishi mtajeni jina

Kwa wakurugenzi, mameneja wa vipindi na maprodyuza wa vituo vyetu vya televisheni hapa Dar na Zanzibar, na majirani zetu wa Nairobi na Mombasa mkipenda someni tu, maana tatizo ni hilohilo.

Salaam wakubwa. Sitazunguka. Naandika kuhusu vipindi vyenu vya mapishi na hawa mastaa mnaowaweka jikoni, na kabla hamjakunja uso niseme mapema mi sio wa lile kundi linalotaka mastaa wafukuzwe. Mastaa tunawapenda bana. Kama kipindi kina msanii ninayemjua naacha vyombo kwenye karo nakaa naangalia, hata kama anachopika ni mayai ya kukaanga. Watu wanapenda kuona mtu wanayemjua akifanya kazi ambayo na wao wanafanya kila siku, akilia na kitunguu, akiungua kidole, ndo raha yenyewe hiyo. Kesi yangu na nyie ni nyingine kabisa. Mkishamleta staa mnafuta jina la mpishi.

Si mnajua ninachosema? Kipindi kinaanza, muziki, droni inapita juu ya bahari, gari linasimama uswahilini, staa anashuka na miwani yake anaingia kwa mama lishe. Mama huyo kaamka saa kumi alfajiri, maharage kashabandika, nazi kashakuna, mchele kashachagua mawe. Chini ya skrini linaandikwa jina la staa na ukurasa wake wa Instagram, pembeni nembo ya mdhamini, kona ile nyingine nembo ya kituo. Mama anaitwa "mama" mwanzo mpaka mwisho. Yaani nusu saa nzima mtu anapika mbele ya nchi nzima na hakuna anayemuuliza anaitwa nani!

Kuna kipindi kimoja, kituo sitakitaja, walikuwa wanapika mchuzi wa samaki wa nazi. Mama kaandaa vizuri kabisa, samaki kashakaangwa pembeni, tui kalitenga bakuli mbili, lile jepesi la mkamuo wa pili na lile zito la kwanza, kasimile, peke yake. Staa akachukua mwiko. Nyanya zinachemka, moto mkali unaunguruma, kabeba bakuli la kasimile. Mama akasema "hilo bado mwanangu, tanguliza jepesi", mnasikia kabisa sauti yake kwa mbali maana hata maiki hamkumvisha, na staa akamkatiza kwa utani, watu wa nyuma ya kamera wakacheka, kasimile lote likaingia kwenye moto ule na hakuna aliyekoroga. Anayepika anajua kilichofuata. Tui likakatika, mafuta juu, chembechembe chini kama maziwa yaliyoharibika. Kamera ikakimbilia uso wa staa. Kurudi mezani mchuzi mzito unang'aa, staa anaonja anafumba macho, "mmmh jamani". Ila sufuria ya jikoni ilikuwa imekatika mshikio mmoja na hii ya mezani ilikuwa na mishikio yote miwili, kumbe mama kapika upya pembeni wakati nyie mnamrekebisha staa wanja. Kosa kafanya staa, mchuzi kaokoa mama, sifa kapewa staa. Na mtoto wa watu aliyekuwa anaangalia ili ajifunze kaenda kuharibu nazi zake nyumbani na nazi siku hizi mnajua bei yake.

Najua mtasema watazamaji ndo wanataka hivo, bila staa mdhamini haji. Sawa. Ila wenzetu Marekani na Uingereza wameanza mchezo huu zamani, walipoteleza panaonekana, basi angalieni.

Julia Child alianza kuonekana kwenye kituo cha elimu cha WGBH kule Boston mwaka 1963, mama mrefu wa futi sita na zaidi, miaka hamsini kashaifikisha, sauti yake hata usingempa kazi ya kusoma taarifa ya habari. Hakuwa staa. Alijua kupika na alijua kufundisha. Siku moja akageuza chapati ya viazi hewani, nusu ikamwagikia kwenye jiko, akaizoa akairudisha kikaangoni mbele ya kamera na kusema kwamba ukiwa peke yako jikoni nani anakuona. Hawakukata. Ustaa wake ulitoka kwenye sufuria, haukuletwa kutoka pengine ukavishwa aproni.

Alafu mwaka 1993 ikaja Food Network, chaneli nzima ya chakula, hapo wakagundua kinachouza ni mtu mwenyewe. Shefu mmoja, Emeril Lagasse, alipewa kipindi chenye bendi na watazamaji ukumbini, akirusha kiungo anapiga kelele "Bam!" watu wanashangilia kama goli. Wengi walimcheka ila yule mtu alikuwa na mgahawa wake New Orleans tangu 1990 na kazi alikuwa anaiweza, kelele zilikuwa za TV tu. Rachael Ray nae akaja 2001 na mapishi ya dakika thelathini, hakusomea upishi na hakuficha. Mashefu wakubwa walimponda, Anthony Bourdain, shefu aliyekuwa na vipindi vya kuzunguka dunia akila, alimsema vibaya sana. Mimi hapo niko upande wa Rachael. Mama anayeshuka daladala saa moja usiku na watoto wana njaa hana haja na shefu wa kupamba sahani kwa kibano, anataka mtu amwonyeshe chakula kitakachoiva kabla watoto hawajalala. Kwahiyo msidhani nasema kila asiye na cheti asishike mwiko. Mimi mwenyewe napika shughuli, harusi, hitma, kipaimara, na cheti sina.

Ninachoogopa ni pale staa anapojiona mkubwa kuliko chakula na kuliko mwenye chakula, na Waingereza wana kisa chake tangu 1976. Fanny Cradock alikuwa malkia wa mapishi pale BBC, miaka na miaka, gauni za jioni jikoni na mapambo mazito usoni. Wakamletea mama mmoja wa nyumbani kutoka Devon aliyeshinda mashindano ya upishi, zawadi yake ilikuwa kuandaa karamu ya Edward Heath aliyekuwa waziri mkuu zamani, na Fanny aliitwa amshauri. Yule mama anamsomea menyu yake kwa heshima zote na Fanny anakunja uso, anatumbua macho, anafanya kama anataka kutapika. Kwenye TV! Nchi ikachafuka. Watu hawakujali kama ushauri wa Fanny kuhusu chakula ulikuwa sahihi au la, waliona mtu mkubwa anamdhalilisha mpishi wa nyumbani, na BBC ikavunja mkataba wake. Watazamaji waliomlea miaka yote ile ndo haohao waliomgeuka.

Sasa nyie mna vipindi ambavyo staa anaonja chakula cha mama lishe alafu anageukia kamera anafanya uso, anauliza "hapa panasafishwa kweli?" huku mama kasimama palepale na beseni lake la vyombo. Mnaona ni utani. Mnakata klipu mnaiweka mtandaoni ipate laiki. Someni komenti za chini siku moja, zile ambazo hamzipeleki kwa mdhamini.

Ila kisa ninachotaka mkishike zaidi ni cha Jamie Oliver, shefu staa wa TV wa Uingereza, maana mtu huyohuyo mmoja ana pande zote mbili. Mwaka 2005 aliingia kwenye majiko ya shule za Uingereza kupigana na chakula kibovu wanacholishwa watoto. Shule ya Kidbrooke kule kusini mashariki mwa London alimkuta Nora Sands, mpishi mkuu wa jiko la shule, na Nora hakuwa wa kuitikia ndio bwana. Alimjibu. Alimwambia bajeti ni senti ngapi kwa kila mtoto, alimwambia wafanyakazi wake wanalipwa masaa mangapi na yeye kaja na mapishi ya mgahawani yanayotaka masaa mengine, waligombana, kamera ikaacha iendelee. Watu wa Uingereza wakampenda Nora kama walivyompenda Jamie, wakajua jina lake, na kile kipindi kikaleta saini zaidi ya laki mbili na sabini zikapelekwa kwa waziri mkuu na serikali ikaahidi pauni milioni 280 kwa chakula cha shule. Sio kwamba kila mtu alifurahi, mwaka uliofuata kule Rotherham kuna kina mama walikuwa wanawapitishia watoto baga na chipsi kwenye uzio wa shule maana menyu mpya hawaitaki. Hapo ndo staa anapojifunza kwamba kupendwa kwenye TV sio ruhusa ya kuingia kwenye sahani ya mtoto wa mtu bila kuongea na mama yake.

Haya, mtu huyohuyo mwaka 2014 akatoa mapishi ya jollof yake, ule wali wa nyanya wa Afrika Magharibi, na nyanya ndogo zikiwa bado kwenye vikonyo vyake, na majani ya kotimiri, na limau pembeni. Wanaijeria na Waghana, ambao wenyewe kwa wenyewe hawajawahi kukubaliana jollof ni ya nani, siku hiyo waliungana. Alichambuliwa mtandaoni mpaka huruma. Tofauti iko wapi? Kidbrooke kulikuwa na Nora. Kwenye jollof hakukuwa na mama yeyote wa Lagos wala Accra mwenye uwezo wa kumshika mkono akamwambia baba hapo unakosea.

Ndo ninachowaambia. Mama wa mchuzi wa nazi alikuwa Nora wenu, alikuwepo palepale, alisema, na nyie hamkumpa maiki.

Kuhusu wadhamini nitaongea kidogo tu japo najua ndo mnaowasikiliza. Paula Deen, mpishi wa TV wa Marekani, alijenga jina kwa siagi na sukari na vya kukaanga, Januari 2012 akatangaza ana kisukari na kwamba alishaambiwa na daktari miaka mitatu kabla, na siku hizohizo akawa anatangaza dawa ya kisukari ya kampuni ya Novo Nordisk. Miaka mitatu yote ile siagi ilikuwa inaendelea kwenye skrini. Mwaka uliofuata Food Network haikuongeza mkataba wake, hiyo ilikuwa kwa sababu nyingine, alikiri kwenye kesi kwamba aliwahi kutumia neno la kibaguzi. Ila kwa siagi na dawa peke yake watu walishamvunjia imani. Na nyie pilau la Ramadhani mnalipika na vijiwe vya supu vitatu, vile vya paketi vya kuongeza ladha, kwa sababu mwenye vijiwe kalipa, kamera inakaa kwenye paketi sekunde kumi, inakaa kwenye kitunguu sekunde moja. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu jamani, ukikikaanga taratibu mpaka kiwe cha kahawia bila kuungua, hiyo ndo shule nzima ya pilau, na hiyo ndo sehemu mnayoikata ili tangazo liingie.

Kingine ni cha nyuma ya kamera. BBC na kampuni ya Banijay walikuwa na MasterChef, mashindano ya upishi ya TV, na Gregg Wallace akiwa jaji wake mkubwa karibu miaka ishirini. Mwisho wa 2024 malalamiko yakatoka hadharani kuhusu maneno yake machafu kwa wafanyakazi, uchunguzi uliotolewa Julai 2025 ukathibitisha malalamiko 45 kati ya 83, kazi ikaisha. Mwenzie John Torode nae mkataba haukuongezwa baada ya lalamiko la neno la kibaguzi, ingawa mwenyewe alisema hakumbuki. Na kuna malalamiko dhidi ya Wallace yaliyokuwa yanajulikana ndani miaka ya nyuma ila alibaki hewani. Kwenu huko dada wa vipodozi na kijana wa kubeba taa wakisumbuliwa na staa wanamwambia nani? Nauliza tu. Sitaki mnijibu mimi, wajibuni wao.

Sasa msiniambie haiwezekani, kwasababu inawezekana na hapahapa kwetu imeshafanyika. Shamba Shape Up, kipindi cha kilimo cha Kenya kilichoanza 2012, watangazaji wake Tonny Njuguna na Naomi Kamau ni waigizaji, watu wanawajua, wanachekesha, ila wakifika kwa mkulima wanamuuliza na kumsikiliza, na ikija habari ya ugonjwa wa ng'ombe anaongea mtaalamu wa ng'ombe. Staa anafungua mlango, mwenye kujua anaingia. Ni kilimo ndio, ila nyie mnashindwaje kufanya hivo kwa wali?

Na Bourdain huyohuyo aliyewasema wenzie. Hakuwa malaika, mdomo wake ulikuwa mkali, na wapo waliosema ni mzungu anayezunguka dunia kama mali yake. Kipindi chake cha Tanzania kilitoka 2014, cha Kenya alichokwenda na mchekeshaji wa Marekani W. Kamau Bell kilitoka Septemba 2018, yeye kashafariki Juni ya mwaka ule. Lakini mwangalieni anavyokaa. Anakaa kwenye kile kile kigoda wanachokaa wateja, anakula, anauliza, anafunga mdomo. Mwaka 2016 alikaa Hanoi na Obama, rais wa Marekani mzima, kwenye viti vya plastiki vya chini, wakala nyama ya kuchoma na tambi za mchele na bia, bili dola sita. Na mgahawa ule una jina, Bún chả Hương Liên, na dunia nzima ikalijua, leo ile meza imewekewa kioo na wateja wanaagiza "combo Obama". Yaani mastaa wawili wakubwa kuliko wote mnaoweza kuwalipa wakakaa pamoja na bado mwenye mgahawa akatoka na jina lake, na biashara yake ikapanda.

Linganisheni na shoga yangu mmoja anayeuza chakula Ilala. Walikuja kushuti kwake asubuhi mpaka mchana umepita, wateja wake wa kila siku wakifika wanaambiwa "tunashuti, subirini", wakaenda kwa jirani. Kikosi kizima cha kamera kikala, na kikaongezewa. Malipo yake ilikuwa fulana ya mdhamini, tena ya mtoto, haikumwingia. Kipindi kilivyotoka hakikusema Ilala sehemu gani, hakikusema anaitwa nani, hata ukitaka kwenda kula kwake baada ya kukiona usingejua uende wapi. Yeye alikaa na majirani kuangalia, alikuwa amewaita.

Kwahiyo naomba, na sio mambo makubwa. Jina la mpishi liandikwe kwenye skrini kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la staa, na mahali anapouzia liandikwe. Maiki avishwe yeye kabla ya staa, mana ndo anayejua tui linaingia lini. Alipwe, na alipwe kabla kamera haijawashwa, ikiwemo mauzo ya siku yake mliyoyazuia na chakula mlichokula, kama mnaweza kumlipia staa hoteli na dereva basi hela ipo. Akisema "hapo bado", staa asubiri, na hiyo msiikate, hiyo ndo sehemu nzuri kuliko zote niamini mimi. Kama staa kaharibu, onyesheni kaharibu, na mwonyesheni mama anavyorekebisha, au kama haiwezi kurekebishika semeni haiwezi, tui likishakatika vizuri limekatika. Na mdhamini akilazimisha paketi yake, iwekeni kwenye tangazo, huko kuna nafasi yake, isiingie kwenye sufuria ya mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuitumia.

Ramadhani ikikaribia mnaanza kugawana mastaa wa vipindi vya futari, nani wa mkate wa kumimina nani wa kaimati. Kabla hamjasaini nao, pitieni kwanza Ilala mkamlipe yule mama siku yake.

Wenu,
Mpishi wa shughuli, Temeke

Nakala: kampuni zote za unga, mafuta na viungo zinazodhamini vipindi vya futari.